Majani Mekundu ya Mwezi wa Tisa

Mwaka jana, mwezi wa tisa, nilimkuta binti wa jirani yangu hapa Kolwezi ameinamia daftari barazani, machozi yakimlengalenga. Alikuwa darasa la nne. Alikuwa amepewa somo la majira kulinakili kutoka ubaoni: mti wenye theluji, mti wenye maua, mti wenye jua kali, na mti wa nne wenye majani ya manjano yanayopukutika, majira ambayo Mfaransa huyaita automne. Ule wa nne alitakiwa kuupaka rangi, naye hakuwa na kalamu ya manjano. Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, juu ya kilima, miombo michache iliyosalimika na shoka la wachoma makala ilikuwa imevaa majani mapya, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mtoto alikuwa amekipa kilima kile mgongo, na hapakuwa na mtu aliyemwambia ageuke.

Sina ugomvi na mwalimu. Anafundisha kilichomo kitabuni, mbele ya watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati moja. Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Lakini nawaambia wazazi wenzangu na walimu wa Kolwezi, Fungurume na Likasi neno moja, na nalisema kwa uchungu: mikono ya watoto wetu haikai bure. Tusipoipa kazi sisi, shimo la mgodi litaipa. Wako watoto wa umri wa binti yule wanaookota mawe, wanaoyaosha mtoni, wanaobeba viroba mgongoni, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza. Mtoto wa namna hiyo anaujua uzito wa jiwe kuliko mtu yeyote, lakini hajawahi kuelezwa kwa nini jiwe hilo ni la kijani.

Basi tuanze na majani yale ya kilimani. Kule Ulaya jani huzaliwa kijani na kufa likiwa la manjano au jekundu. Baridi ikikaribia, mti huivunjavunja ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake huonekana. Miombo yetu hufuata njia ya kinyume. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha, kabla tone la mvua halijaanguka, huchipua majani mekundu yanayogeuka kijani jinsi yanavyokomaa. Wekundu huo ni wa jamii moja na rangi inayowaka katika baadhi ya miti ya Ulaya majira yale ya daftarini, na wataalamu wengi huona kwamba hulikinga jani changa na ukali wa jua. Mtoto hahitaji kukariri jina la rangi hiyo. Mpe majani matatu ya mti mmoja, changa, la kati na kuukuu, ayalaze chini ya karatasi na kusugua juu yake kipande cha makala. Mishipa yote itatokea, mmoja mmoja, na atajionea mwenyewe njia inayopitisha maji. Hiyo ni picha ya kutundika ukutani, na papo hapo ni somo la viumbe hai.

Siku ile nilimwambia binti aweke daftari kando. Mama yake alikuwa na maua makavu ya ngai-ngai nyekundu, ambayo watu wa pwani huyaita rozela. Tukayaloweka katika maji ya moto mpaka maji hayo yakawa mekundu sana, tukayapaka kwenye karatasi kwa kitambaa, tukaianika. Katika vikombe viwili tukatia, kimoja maji ya ndimu, cha pili maji yaliyochujwa kutoka majivu ya mbabula. Nikamwonya asiyaguse macho yake, kwa maana maji ya majivu huwasha. Akachukua kijiti, akachovya kwenye ndimu, akachora, na mstari ukawaka wekundu mkali. Akachovya kwenye majivu, akachora tena, na mbele ya macho yake mstari ukageuka buluu, kisha kijani. Alinyamaza kabisa. Kisha akachora kilima chote: shina kwa majivu, majani kwa ndimu. Kumbe mti wake wa nne aliuweza bila kalamu ya manjano! Na alikuwa ameshaingia mlango wa kemia, kwa sababu ndimu ni asidi na majivu ni kinyume cha asidi, na rangi ya ua ndiyo shahidi anayezitofautisha.

Mwingine ataniambia: hizo ni anasa, mtoto ajifunze Kifaransa na hesabu apate kazi kampunini. Namjibu kwa historia ya nchi yetu. Kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906, mababu zetu Wasanga na Wayeke waliyeyusha shaba katika ardhi hii. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Tanuri walilijenga kwa udongo wa kichuguu, wakalilisha makala, wakapuliza mivukuto hadi jiwe la kijani likatoa shaba nyekundu. Shaba huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 1,080 ili iyeyuke, nao walilipata bila kipimajoto. Wakaimimina katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha. Mingine imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Uzuri wa umbo na ujuzi wa moto vilikaa katika mkono mmoja. Sisi ndio tuliovitenga, kimoja tukakiita mchezo na kingine tukakiita somo.

Udongo ule ule wa kichuguu upo hadi leo, na wafyatua matofali wanaujua. Mtoto aufinyange kuwa kibamba, apige mstari wa sentimita 10 juu yake kingali kibichi, aupime tena baada ya siku tatu. Mstari utakuwa umepungua. Umepungua kiasi gani? Maji yamekwenda wapi? Hesabu anayotaka baba imo humo. Kibamba kingine akikandamize kwa umbo la msalaba, na mtu mzima, mtu mzima tu, amimine humo nta ya mshumaa iliyoyeyuka. Ikiganda, mtoto atashika mkononi kazi ya mababu zake, isiyounguza wala kuua.

Hapa nasisitiza, na mzazi anayeyasoma haya asilipite jambo hili haraka. Jiwe la mgodini lisiingie katika michezo hii, hata likipendeza vipi. Malakiti, lile jiwe la kijani, ni nzuri kwa macho, lakini vumbi lake ni sumu kifuani. Yale mawe meusi yenye kobalti ni vivyo hivyo, tena mengine huwa na urani ndani yake. Udongo uchukuliwe mbali na lundo la mabaki ya viwanda, mbali na mto unaopokea maji ya viwanda, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto akitaka kuijua shaba, mwonyesheni ua lake. Kuna mmea mdogo, wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, unaostawi penye udongo wa shaba ambamo mimea mingi hushindwa. Watafutaji wa madini waliufuata, na hata wachimbuzi wa mambo ya kale waliutumia kugundua mahali palipokuwa na matanuri ya wahenga. Auchore, asiung'oe.

Tena tusidhani kwamba mtoto wetu hawezi mpaka aige. Mwaka 1946, mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji, na hakuwapa vijana picha za Ulaya wazinakili. Aliwataka watazame kilicho chao. Bela akachora kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga kwa mistari midogo midogo, Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki wa nchi hii, na kazi zao zikavuka bahari. Walianza kwa kutazama.

Karatasi ya binti ilitundikwa ukutani kwao. Baada ya siku chache akaja mbio, ameishika mkononi. Mistari ya ndimu ilikuwapo, ila ile ya majivu ilikuwa imefifia na kuwa ya kahawia. "Papa, juu ya nini rangi imepotea?" Nikamwuliza yeye anadhani nini. Akasema labda ni jua. Tukatengeneza nyingine mbili zinazofanana, moja tukaitundika dirishani, ya pili akaifungia sandukuni mwa mama yake, na juu ya kifuniko akaandika tarehe ya kulifungua.