TUMEWAPA FUTARI, TUMEWANYIMA UFUNDI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila ufikapo mwezi mtukufu wa Ramadhani, Waislamu wa pwani yetu huchanga. Mchele, sukari, unga na tende hukusanywa msikitini, gari hukodiwa, na vitu hupelekwa gerezani. Dua huombwa, picha hupigwa, na wachangaji hurejea majumbani mwao nyoyo zimetua. Jambo hili ni jema. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura Ad-Dahr, ambayo ni ya 76, wale wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa kumpenda Yeye. Basi msomaji asidhani kuwa twaandika kuwakataza watu kulisha. Twaandika kuuliza swali moja tu: baada ya futari, nini?

Maana futari huliwa magharibi, na usiku wa manane njaa hurudi. Na mfungwa yule, siku yake ikifika, hufunguliwa mlango akaambiwa aende zake. Aende wapi? Akafanye nini? Nani atampokea? Hapo sisi wachangaji hatupo.

NILIYOYAONA MBULU

Safari moja nilikwenda Mbulu kumtazama jamaa yangu, mtu wa Tanga, ambaye amefungua duka huko miaka mingi. Sisi watu wa pwani hatuijui vizuri nchi ile. Kutoka Babati basi hupita Dareda, likaanza kuupanda ukingo mkali wa Bonde la Ufa mpaka Dongobesh, kisha Mbulu. Ni nchi ya baridi na ukungu, ya Wairaki wakulima na Wadatoga wafugaji, na vitunguu saumu vyake vyafika masoko ya mbali.

Asubuhi moja tumekaa dukani, akaingia kijana mmoja. Akasema, "Shikamoo wazee." Tukaitikia, "Marahaba." Akasimama kidogo, kisha akasema bila kuficha: "Mzee, mimi nimetoka kifungoni. Nimekaa miezi minane. Natafuta kazi yoyote."

Nikamwuliza, "Huko ulifundishwa kazi gani?"

Akajibu, "Kulima, mzee. Nami kulima nilikuwa nakujua kabla sijaingia."

Jamaa yangu akafungua saraka, akatoa shilingi elfu mbili, akampa na kumwambia Mungu atamfungulia. Kijana akashukuru, akatoka. Haikupita saa, jamaa yangu akaanza kulalamika kwamba paa la stoo yake lavuja, na kwamba fundi seremala wa kuaminika hapatikani mji mzima. Nami nikanyamaza. Nasema kweli yangu, sikumwambia neno. Kijana mwenye mikono miwili ametoka mlangoni akitafuta kazi, na kazi ipo mle mle dukani ikitafuta mtu. Kilichokosekana kati yao ni ufundi wa miezi michache na moyo wa kumwamini mja. Tukaliziba pengo lile kwa shilingi elfu mbili, tukaliita sadaka.

KULIMISHWA NA KUFUNDISHWA

Watu watasema, "Mbona wafungwa wanafanya kazi?" Naam, wanafanya. Mashamba ya Magereza yajulikana Tanzania nzima. Julai 2018 Rais John Magufuli, siku alipomwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza, alisema ni aibu kwa nchi kuendelea kuwalisha wafungwa, na akataka wafanye kazi wajilishe. Wengi walimshangilia.

Lakini kumfanyisha mtu kazi ni jambo moja, na kumfundisha kazi ni jambo jingine. Mtu aweza kushika jembe miaka mitatu akatoka hajui ila jembe, na nyumbani hana hata robo eka. Aliyefundishwa hutoka na kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya: kupima ubao, kushona kiatu, kuchomelea chuma, kusoma mkataba kabla hajatia dole gumba.

Wala hatusemi kwamba hakuna kabisa. Keko na Ukonga, Dar es Salaam, zatengenezwa samani ambazo hata maofisi ya serikali yamezikalia. Karanga, Moshi, vyatengenezwa viatu. Ruanda, Mbeya, kipo chuo cha ufundi cha Magereza. Haya yathibitisha kwamba jambo lawezekana. Lakini hebu fikiri hali ya mtu wa miezi sita au minane katika wilaya ya mbali kama Mbulu au Hanang. Mbeya iko wapi na yeye yuko wapi? Vyombo vikubwa viko kwenye magereza makubwa, na mtu wa kifungo kifupi ndiye anayerudi mtaani upesi. Yule tutakayekutana naye kesho ndiye anayepata mafunzo haba.

Zanzibar wenzetu wameliacha hata jina la gereza, wakaita Chuo cha Mafunzo. Jina hili ni zuri kuliko yote, nasi twaliheshimu. Ila jina ni deni. Anayeita mahali chuo, bara au visiwani, amejiwekea ahadi ya kuwa na mwalimu, ubao na cheti, nasi raia ni wajibu wetu kuisaidia ahadi hiyo itimie.

Tarehe 9 Desemba 2019, huko Mwanza, walisamehewa wafungwa 5,533 kwa siku moja. Ni rehema kubwa. Lakini jiulize, ndugu msomaji: katika watu wale, uliajiri wangapi? Msikiti wako uliwapokea wangapi?

YUSUF NA MATEKA WA BADRI

Sisi tunaojiita umma wa Muhammad (s.a.w.) hatuna udhuru, kwani mafundisho haya tunayo tangu zamani.

Katika vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu waliteka watu wapatao sabini. Walikuwa maadui waliokuja na panga kuwaua. Wenye mali walijikomboa kwa mali. Wasiokuwa na mali lakini wakajua kuandika, fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika, kila mmoja wao. Tazama hekima hii! Mtume wetu alimwona mwalimu ndani ya mateka. Sisi twamwona mfungwa, twaona mdomo wa kulishwa tu. Kumbe ndani ya kila gereza yumo seremala, yumo fundi cherehani, yumo hata mwalimu wa shule. Wakipewa nafasi na vifaa, watawafundisha wenzao.

Na Nabii Yusuf (a.s.) alifungwa. Vijana wawili waliingia naye, wakamwuliza tafsiri ya ndoto zao. Kabla ya kuwajibu aliwafundisha kwanza habari ya Mungu mmoja. Mmoja wao alikuwa atoke, na wa pili alikuwa auawe, naye aliwafundisha wote wawili sawasawa. Hakusema, "Huyu wa kufa elimu yamfaa nini?" Kisha yule aliyetoka akamsahau Yusuf gerezani miaka kadhaa. Nahofia kwamba sisi ndio yule aliyetoka akasahau.

Tena zingatia mwisho wa kisa. Yusuf alipotoka, mfalme alimkabidhi hazina za nchi. Mtu atokaye kifungoni akapewa funguo za ghala! Leo mtu wetu atokaye kifungoni hapewi hata ufagio wa kufagilia mlango wa ghala.

WASEMAO "HAIFAI"

Yupo atakayesema: "Yusuf alikuwa hana hatia, lakini hawa ni wezi." Jibu letu ni kwamba magereza yana watu wa kila namna. Wamo mahabusu ambao hawajahukumiwa. Wamo waliofungwa kwa kushindwa kulipa faini. Huko huko Hanang, tangu miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, katika malisho ya Wabarabaig. Mfugaji aliyepitisha ng'ombe wake njia ya babu zake alishtakiwa kwa kuingia shamba la watu, akatozwa faini au akafungwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu, wakapata hukumu mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka uliofuata. Je, mfugaji yule utamwita mwizi? Lau angejua kusoma tangazo na kuandika madai yake, huenda gereza asingeliona.

Ama mwizi wa kweli, huyo ndiye hasa anayehitaji kazi ya halali. Mungu amefungua mlango wa toba, na sisi tuna haki gani ya kuupiga komeo?

Yupo wa pili atakayesema: "Watoto wetu wema hawapati nafasi VETA, na ninyi mwataka mwizi afundishwe bure?" Neno hili ni zito, na mzazi anayelisema hatumlaumu. Lakini asidhani kuwa kumnyima mfungwa kutampa mwanawe nafasi. Yule asiyefundishwa atatoka vile vile, siku ile ile, tena ana njaa, na genge atakalolivunja usiku ni la mtoto huyo huyo mwema. Na kama tulivyosema, mwalimu mara nyingi yumo humo humo ndani. Kinachotakiwa ni randa, misumeno, cherehani, madaftari. Hebu pimeni gharama za karamu moja ya harusi ya mjini kwetu, kisha mseme hatuna.

Na yupo wa tatu: "Aliyeibiwa je? Aliyeumizwa je?" Huyu ana haki kubwa kuliko wote. Basi na ajiulize: ataridhika zaidi na lipi? Kwamba mkosaji amekaa miaka akahesabu matofali, au kwamba ametoka ana kazi ya kumwezesha kurudisha alichochukua? Mtu asiye na kipato hawezi kulipa haki ya mtu hata akitubu usiku na mchana.

Wenye shaka kwamba elimu huweza kuingia kwenye kuta zile watazame jirani zetu. Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Akiwa Luzira alisoma sheria kwa masomo ya Chuo Kikuu cha London. Jina lake ndilo lililoongoza kesi ya wafungwa zaidi ya mia nne, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa jaji. Yeye mwenyewe aliachiwa mwaka 2016. Kenya nako wafungwa wamefanya mitihani ya taifa wakiwa ndani. Na Umoja wa Mataifa, katika kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, umetaka asiyejua kusoma na kijana wafundishwe kwa lazima. Mandela mwenyewe alimaliza shahada yake ya sheria mwaka 1989, bado yu kifungoni.

LA KUFANYA

Basi tusiishie kulalamika. Mambo manne yamo mikononi mwetu.

Kwanza, kila msikiti unaopeleka futari gerezani utenge sehemu ya mchango kwa vifaa vya kazi na vitabu, upeleke kwa idhini ya wakuu wa gereza. Na anayepeleka mwalimu wa dini apeleke na mwalimu wa kusoma na kuandika, kwa wafungwa wote bila kuuliza dini zao. Mateka wa Badri hawakuwa Waislamu.

Pili, tuwaulize masheikh wetu kuhusu zaka. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja mafungu manane, na ndani yake wamo mafakiri, wamo wa kukombolewa, na wamo wenye madeni. Wenye elimu watueleze ni nani katika wafungwa na watoto wao anaingia humo.

Tatu, tudai cheti. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunza kazi nje ya chuo. Utaratibu huu umfikie na mfungwa wa wilaya ya mbali, na cheti chake kiandikwe ujuzi wake, kisitaje kifungo chake.

Nne, na hili ndilo gumu, tuajiri. Mwenye duka, mwenye jahazi, mwenye karakana, achukue mtu mmoja. Ampe kazi ndogo kwanza, amsimamie, amlipe kwa wakati. Serikali yaweza kumfundisha mtu kuchonga mlango, lakini haiwezi kumlazimisha tajiri wa Kiislamu kumfungulia mlango wake.

Kijana yule wa Mbulu sikumwona tena, wala sijui alikokwenda. Najua tu kwamba aliingia dukani kwetu akitafuta kazi, akatoka na sadaka. Siku ya Kiyama sitaulizwa habari ya shilingi elfu mbili, kwani hata hazikuwa zangu. Nachelea kuulizwa habari ya lile paa lililokuwa likivuja, nami nimekaa chini yake kimya.

Ewe Mola, tusamehe kusahau kwetu, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaofungua, tusiwe miongoni mwa wanaofunga. Amin.