Upendo Usingoje Mafuriko ya Mirongo



Mwanza imejengwa juu ya mawe. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayapati udongo wa kuzama. Huporomoka kutoka milimani yakibeba mchanga, chupa za plastiki na uchafu wa vyoo, na kuingia Mto Mirongo unaopita katikati ya mji kuelekea ziwani. Ziwa nalo limejaa: mwaka 2020 lilifikia rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likaipita.

Anayeumia kwanza ni nani? Ni mpangaji wa chumba cha kando ya mto, aliyekwenda pale kwa sababu kodi ni nafuu. Mchango wake katika kuipasha dunia joto ni mdogo mno. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitutaka tusikilize kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Sisi tumezoea kusikiliza kwa kuchelewa. Nyumba zikishajaa maji ndipo tunatangaza mchango wa nguo na unga baada ya Misa. Mchango huo ni mwema, uendelee. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, tunayemsoma darasani, anahesabu kuona mbele kuwa sehemu ya fadhila ya busara. Tukijua mvua inakuja na bado tukangoja, upendo wetu umekosa busara.

Pa kuanzia ni Jumuiya Ndogondogo. Jumuiya inajua bibi yupi anaishi peke yake, mtoto yupi hawezi kutembea, na nyumba ipi iliyo juu inaweza kupokea majirani usiku. Kabla ya vuli na masika, tuyaandike hayo, tuzibue mitaro, na tumfuate mwenyekiti wa mtaa kuhusu taka zisizozolewa. Vijana wa VIWAWA wana nguvu za kushika koleo. Sisi waseminari tukiwa likizo tushike pia.

Wapo wanaosema: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, basi watu hao waondoke tu. Sheria ina hekima, na hatumtakii mtu abaki hatarini. Lakini anayeondolewa bila pa kwenda atapanda mlimani, ajenge juu ya mawe bila choo cha maana, na uchafu wake utarudi Mirongo. MWAUWASA imeonyesha njia nyingine kwa kupeleka mabomba membamba ya majitaka kwenye nyumba za milimani zisizofikiwa na gari. Kazi ya juu humlinda anayeishi chini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wiki hii mkikutana kwenye jumuiya, baada ya sala ulizaneni swali moja: mvua ikinyesha usiku huu, nani kati yetu atahitaji kubebwa, na nani atambeba?