Istilahi Huzaliwa Kazini

Mwaka jana, jirani yangu bwenini, mwanafunzi wa fizikia, alinitupia swali: "Wewe bingwa wa Kiswahili, hebu nieleze spektromita ya sumaku kwa lugha yako." Nilikimbilia kamusi. Nilipomtajia neno nililolipata alicheka, nami sikuwa na la kuongeza, kwa kuwa sikujua kitu chenyewe hufanya nini. Fedheha hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika makala haya. Kiswahili hakijashindwa na sayansi. Ni sisi wasomi wake tunaotaka kuvipa majina vitu tusivyovielewa.

Tuchukue mfano wa spektromita kubwa iliyojengwa katika Maabara ya Jefferson, mjini Newport News, jimbo la Virginia, Marekani, na kuanza kazi mwaka wa 2017. Wanafizikia huko huelekeza mwale wa elektroni kwenye shabaha ili wachunguze muundo wa ndani wa protoni na viini vya atomu. Elektroni zinazotawanyika baada ya mgongano hupitishwa katikati ya sumaku. Yenye nishati kubwa hupindwa kidogo, yenye nishati ndogo hupindwa zaidi. Kwa kupima mpindo huo, mtafiti hung'amua yaliyotukia ndani ya kiini.

Sumaku za chombo hiki ni tano. Koili zake hupoozwa kwa heliamu ya kioevu hadi takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sufuri, ndipo umeme upite bila kizuizi. Moja ilitengenezwa Michigan, nyingine Uingereza, na tatu zilizobaki Ufaransa. Zote zililetwa Newport News, zikapangwa kwenye gari zito linalozunguka shabaha juu ya reli. Vifaa vya kutambua njia ya elektroni vilijengwa katika Chuo Kikuu cha Hampton, na baadhi ya vile vya kupima muda katika Chuo Kikuu cha North Carolina A&T; vyote viwili ni vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tuzitazame sumaku hizo kwa jicho la mwanalugha. Tatu kati yake wengi wetu tungeziita "kwadrupoli" na kufunga daftari. Lakini anayeelewa kazi yake hujua kwamba kila moja ina ncha nne, na kwamba hubana elektroni upande mmoja huku ikizitanua upande mwingine. Ndiyo sababu ziko tatu, zisaidiane. Basi ni sumaku ya ncha nne. Ya mwisho, inayozipinda elektroni kuelekea juu kwa nyuzi 18.4, ni sumaku ya ncha mbili. Ya kwanza ni ndogo. Iliwekwa kwa kuwa zile kubwa ni nene mno kukaribia bomba la mwale, nayo huzichepua elektroni kwa nyuzi 3 ili zifike zilipo kubwa. Je, si sumaku chepushi hiyo? Maneno haya sikuyapata katika kamusi. Yalikuja yenyewe nilipoelewa kazi.

Wapo watakaouliza: ya nini haya yote, ilhali fizikia hufunzwa kwa Kiingereza? Katiba ya mwaka wa 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini hoja yangu si ya kisheria. Mzazi anayeuza ng'ombe kumlipia mwanawe karo ana haki ya kuelezwa mwanawe anasoma nini. Leo hakuna anayeweza kumweleza: mwanafizikia hana maneno, nasi wenye maneno hatujui fizikia.

Siwabezi watunga kamusi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ni hazina. Hata hivyo, kamusi haiwezi kuelewa kwa niaba yetu. Napendekeza kila toleo la jarida hili libebe makala moja ya sayansi iliyoandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili akiwa ameketi na mwenzake wa sayansi.

Mimi nimekwisha kuanza. Nilirudi kwa yule jirani nikamsomea maelezo haya. Alinisahihisha mara mbili. Hakucheka.