Rapu yetu ina haja ya bei ya unga

Makala yako kuhusu rapu yetu naona imesifu mno magari. Hapa Lubumbashi vijana wanakodi gari la klipu kwa saa, wanavaa mikufu, kisha jioni wanarudi kula bukari na sombe kama sisi sote. Siwalaumu: nani anataka kuimba njaa kila siku? Lakini rapa Baloji, mzaliwa wa hapa mwaka 1978, alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo, na albamu yake ya Hotel Impala ilitokana na barua ya mama yake, baada ya miaka mingi bila habari. Mwaka 2023 filamu yake Augure ilipata tuzo Cannes. Hakuficha alikotoka.

Mjini kwetu maneno ya rapu yamejaa: lile bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, wachimbaji wanaorudi wamejaa vumbi, mfuko wa unga kutoka Zambia unaopanda bei pindi ukichelewa mpakani kidogo tu. Nyimbo za namna hiyo nazitamani sana, kwa Kiswahili chetu hiki cha Lubumbashi, bila kukisafisha kwanza ili kiwafurahishe watu wa Kinshasa au Paris. Wadogo zangu, hilo gari lirudisheni kwa mwenyewe, hela yake mlipie studio.