Fikiri kabla ya kugonga herufi

Ukiingia katika ofisi za parokia za zamani hapa Ruvuma, huenda ukaona juu ya kabati mashine nzito ya chuma iliyofunikwa kitambaa. Ni taipureta. Vijana huuliza kama ni ya makumbusho. Wanunuzi wa chuma chakavu nao huikadiria kilo kwa macho.

Mimi ninayo moja, aina ya Olympia, iliyoundwa Ujerumani kabla sijapata daraja ya upadre, na hadi leo inapiga chapa. Inachodai ni mafuta kidogo, brashi ya kuondoa vumbi na utepe wa wino. Skrubu ikilegea, unaikaza. Umeme haiujui. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli, na yalipozimika, barua za parokia ziliendelea kupigwa chapa kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Kitu hiki kimedumu kwa sababu kiliundwa ili kitengenezeke. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikemea utamaduni wa kutupa. Nasi tunauona. Mkono uliozoea kutupa vitu haukawii kutupa watu: mzee aliyestaafu, katekista aliyepoteza macho, mke aliyeugua muda mrefu.

Lakini kinachonivuta zaidi katika taipureta ni nidhamu yake. Haina kitufe cha kufuta. Ukigonga herufi, wino unabaki karatasini. Na kama umeweka karatasi ya kaboni, kosa moja linakuwa mawili au matatu. Ndiyo maana karani mzuri alisoma rasimu ya mkono mpaka mwisho kabla ya kuanza kazi. Alijua kwamba jina la mtoto likikosewa kwenye cheti cha ubatizo, mtoto huyo atahangaika nalo siku ya kufunga ndoa.

Christopher Latham Sholes, Mmarekani wa mji wa Milwaukee, pamoja na wenzake, walipata hataza ya mashine yao mwaka 1868. Mpangilio wa herufi uliotokana na kazi yake ndio uliomo katika simu yako leo. Herufi tumezirithi, ila uangalifu tumeuacha njiani.

Mtu anakasirika saa mbili usiku, anaandika kwenye kundi la jumuiya kwamba mweka hazina amekula michango. Saa tatu anaufuta ujumbe, akidhani yamekwisha. Kumbe wenzake wameshausoma na wengine wameshausambaza. Jumapili mama yule anashindwa kuja kanisani kwa aibu. Daftari linapokaguliwa, hata shilingi moja haijapotea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Soma Yeremia sura ya 36. Nabii alitamka, Baruku akaandika kwa wino katika gombo. Gombo lile lilisomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, likakatwa kwa kisu na kuteketezwa motoni. Yeremia akachukua gombo jingine, akampa Baruku, naye akaandika upya maneno yote, na mengine yakaongezwa. Neno la kweli linastahimili kuandikwa mara ya pili. Je, ujumbe uliotuma jana ukiwa na hasira, ungekuwa tayari kuuandika tena leo, ukaweka jina na sahihi yako chini? Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 12, anatuonya kwamba tutatoa hesabu ya kila neno lisilo na maana tulilosema.

Sisemi tuzitupe kompyuta; hata makala hii imemfikia mhariri kwa barua pepe. Ninaomba mambo mawili wiki hii. Kwanza, peleka kwa fundi kitu kimoja ulichotaka kutupa. Pili, kabla ya kutuma ujumbe unaomgusa mtu, usome kana kwamba nakala yake itahifadhiwa katika jalada la parokia kwa miaka hamsini. Ukiona aibu, uache. Na kama tayari umemchafua mtu, nenda nyumbani kwake ukamwombe radhi, kisha uwaeleze ukweli wale wote waliousoma.