Udongo Ndani ya Jiko la Bati

Jijini Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, nyumba haihitaji meko ya kuotea moto. Joto la nje latosha. Moto wa nyumbani ni wa jiko la bati la makaa, liitwalo imbabura kwa Kirundi. Walakini bati tupu hula makaa bure, kwani joto jingi hupotelea ubavuni na kumwunguza mpishi miguu.

Dawa yake ni kutia ndani chungu kinene cha udongo uliochomwa, chenye matundu kitakoni, kama walivyofanya mafundi wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la Thailand. Chungu kisisukumwe kwa nguvu kikabana bati. Pengo lililobaki kati yao hujazwa saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi yazuiayo joto, kisha jiko huachwa siku kadhaa likinyunyiziwa maji. Moto wa kwanza uwe mdogo.

Hapo gunia la makaa litadumu. Lakini askari anayehamishiwa Bugarama, palipo juu na baridi, huenda akashawishika kuliingiza chumbani usiku, madhali halitoi moshi. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Udongo hauiondoi hewa hiyo. Afadhali blanketi la pili, na jiko lilale nje, mbali na mlango na dirisha.