Diski ya Nje: Tusidanganywe na Namba za Kwenye Boksi



Wazazi na wanafunzi wapendwa, napenda kutumia nafasi hii kutoa maoni yangu kuhusu kifaa ambacho kimeshaingia katika nyumba nyingi, nacho ni diski ya nje ya kompyuta. Humo ndimo tunamohifadhi picha za harusi, sauti za darsa, kazi za shule na sura za wazee wetu waliotangulia mbele ya haki. Lakini tukifika dukani, wengi wetu tunauliza swali moja tu: "Ipi yenye spidi kubwa?" Kwa maoni yangu, swali hilo lingepaswa kuwa la tatu. La kwanza ni kama diski itasomeka kwenye kompyuta zetu, na la pili ni kama tutabaki na nakala nyingine.

Kwanza tuitazame hiyo spidi yenyewe. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde. USB 3.0 ya mwaka 2008 hupitisha gigabiti 5, na USB4 iliyotoka mwaka 2019 hufika gigabiti 40. Namba hizi ni kubwa kwa sababu zinahesabiwa kwa biti, ilhali mafaili yetu tunayapima kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo zile 480 ni megabaiti 60 tu, na katika matumizi ya kweli hupatikana kama 35 hivi.

Tena spidi haitegemei diski peke yake. Kuna diski, kuna waya na kuna tundu la kompyuta, na kinachokwenda polepole kuliko vyote ndicho kinachoamua mwendo. Chukua mfano wa mafaili ya gigabaiti 100. Kwenye tundu la USB 2.0 yatachukua kama dakika 48, hata ukiwa na diski ya bei kubwa. Diski ya kawaida yenye sahani inayozunguka, ikiwa kwenye tundu la USB 3.0, itamaliza kwa robo saa hivi, na ukiihamishia kwenye tundu la gigabiti 40 haitaongeza kitu. SSD, ambayo haina sahani, inaweza kumaliza kwa dakika 4 au 5 kwenye tundu la USB 3.0. Basi mwenye kompyuta ya zamani anayenunua SSD ya kasi sana analipia mbio ambazo hatazipata.

Tusidanganyike pia na umbo la kichwa cha waya. Kile kichwa kidogo cha Type-C, kinachoingia juu chini, ni umbo tu. Nyaya nyingi za kuchajia simu zina kichwa hicho, lakini ndani zina mwendo wa USB 2.0. Tumia waya uliokuja na diski yako.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Diski huandaliwa kwa mpangilio maalumu wa kuhifadhi mafaili. Mpangilio wa NTFS ni wa Windows. Kompyuta ya Mac huusoma, lakini kwa kawaida haiwezi kuandika humo. FAT32 husomeka karibu kila mahali, ila haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu hukataliwa. exFAT, iliyotoka mwaka 2006, haina kikwazo hicho na hufanya kazi kwenye Windows na Mac.

Hatari iko hapa. Diski iliyoandaliwa kwa ajili ya Mac pekee, ukiichomeka kwenye Windows, kompyuta inaweza kukuambia kwamba lazima uifomati kwanza. Diski ni nzima, na picha zote zimo. Lakini kijana mwenye haraka akibonyeza kukubali, kumbukumbu za familia nzima zinaweza kupotea kwa sekunde chache. Wanafunzi wapendwa, mkiona maneno hayo, kataeni, chomoeni diski kwa utaratibu, kisha muulizeni mwenye nayo imeandaliwa kwa kompyuta gani.

Najua wapo watakaosema kwamba kasi huokoa muda, na ni kweli kwa fundi anayehariri video kila siku. Lakini familia inayohifadhi picha mara moja kwa mwezi inaweza kungoja robo saa. Kwa fedha ya SSD moja ya kasi kubwa, mara nyingi mtu hupata diski mbili za kawaida. Moja ikae nyumbani, nyingine ikae kwa babu au kwa shangazi, na zote ziwe na mafaili yale yale. Diski moja ikianguka au ikiibiwa, nyingine ipo. Wahenga walisema, kawia ufike.